Gololi, Leseni na Kivuli cha Lwanda Magere

Ni mashine 40 tu zinazotenganisha nafasi ya kwanza na ya pili. Eight Ball, pinboli ya kampuni ya Bally ya Marekani iliyotoka mwaka 1977, zilitengenezwa mashine 20,230. The Addams Family ya mwaka 1992 ikafika 20,270 na kuwa pinboli iliyouzwa zaidi katika enzi ya elektroniki. Hii ya mwisho ilikuwa na leseni ya filamu. Eight Ball haikuwa nayo. Ilichorwa kijana ambaye Wamarekani walimtambua mara moja kuwa ni Fonzie wa kipindi cha televisheni cha Happy Days, ila jina lake halikuandikwa popote.

Mkazi wa Kisumu hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Matatu za Kenya zimebeba sura za wanamuziki, wacheza mpira na mashujaa wa filamu miaka nenda miaka rudi, na mchoraji anayempulizia rangi Tupac ubavuni mwa gari haandiki barua kuomba ruhusa. Kanuni za usafiri za mwaka 2004, zijulikanazo kama Kanuni za Michuki, zilileta mstari wa manjano na kuifinya sanaa hiyo, lakini hazikuiua. Sura maarufu huvuta abiria kama ilivyovuta sarafu za wacheza pinboli.

Pinboli yenyewe wengi wetu tuliijua kupitia kompyuta, kwenye saiba na ofisini mkubwa akiwa ametoka. Ile Space Cadet iliyokuja na Windows XP ilizaliwa mwaka 1995 ndani ya mchezo uitwao Full Tilt! Pinball. Nadhani hakuna pinboli nyingine iliyochezwa na Wakenya wengi kuliko hiyo. Ile ya mbao, kioo na chuma ni kitu kizito zaidi: uwanja ulioinama nyuzi sita na nusu hivi, gololi ya chuma ya milimita 27 yenye uzito wa gramu 80, na vibao viwili chini vya kuirudisha juu kabla haijatumbukia.

Mwanzoni hata vibao havikuwepo. Ballyhoo ya mwaka 1931 ilikuwa sanduku la misumari na mashimo, na bado ziliuzwa zaidi ya 50,000 ndani ya miezi saba. Jina lilitokana na gazeti la vichekesho lililokuwa likipendwa wakati huo, kwa hiyo mtindo wa kupanda mgongo wa jina linalovuma ni wa zamani kama biashara yenyewe. Mashine ya kwanza kuwa na vibao ilikuja mwaka 1947: Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb, yenye vibao sita. Mada yake ilikuwa wimbo wa watoto, na wimbo wa watoto hauna wakili.

Leseni kwa maana ya leo huhesabiwa kuanzia Wizard! ya Bally, mwaka 1975, iliyofuata filamu ya Tommy kuhusu kijana asiyeona wala kusikia anayekuwa bingwa wa pinboli. Mwaka uliofuata ikaja Captain Fantastic, yenye Elton John kiooni, zikatengenezwa zaidi ya 16,000. Mwaka huohuo wa 1976 New York iliondoa marufuku ya pinboli iliyodumu tangu 1942, baada ya mwandishi Roger Sharpe kucheza mbele ya madiwani na kuwathibitishia kwamba mchezo ni wa ustadi, si kamari. Sharpe baadaye akawa mtu wa kutafuta leseni katika kampuni ya Williams. Safari yake kutoka ushahidi hadi mikataba naiona kama historia nzima ya mchezo huu katika maisha ya mtu mmoja.

Kwa nini basi The Addams Family ndiyo iliyoshinda zote za enzi ya elektroniki? Filamu nyingi zilizovuma ziligeuzwa pinboli zikasahaulika. Jibu liko chini ya kioo. Mbunifu Pat Lawlor hakubandika tu picha za familia ile ya ajabu juu ya mashine ya kawaida. Kwenye kona kuna kisanduku. Kifuniko kinafunguka, unatoka mkono usio na mwili, mhusika kamili wa hadithi, unainyakua gololi yako kwa sumaku na kurudi nayo ndani. Kabati la vitabu linageuka na kufichua njia ya siri. Sumaku nyingine zimezikwa chini ya mbao, na mizimu inapoitwa gololi huanza kuyumba bila kuguswa. Waigizaji Raul Julia na Anjelica Huston walirekodi maneno mapya kwa ajili ya mashine hiyo pekee. Kwa hiyo mchezaji hatazami nyumba ya Addams, yumo ndani yake.

Mwaka uliofuata Lawlor aliunda Twilight Zone, yenye gololi ya kauri, nyeupe, nyepesi kuliko za chuma na isiyotii sumaku hata kidogo. Kipindi cha televisheni chenye jina hilo kilihusu mambo yanayokataa kanuni za ulimwengu, naye akatafuta gololi inayokataa kanuni za mashine. Huo kwangu ndio ubunifu bora zaidi wa mada katika mchezo huu, hata kama mauzo yaliishia elfu 15 na ushee.

Kubwa kuliko zote kwa umbo ni Hercules ya Atari, mwaka 1979, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili na mpira wa ukubwa wa biliadi. Mada ilikuwa ya bure, shujaa wa Kigiriki asiyedaiwa na mtu. Nguvu za Hercules ziligeuzwa kuwa ukubwa wa sanduku tu, na mpira ukajikokota hadi wachezaji wakachoka.

Huku kwetu mada hazikosekani: Ziwa Victoria, kubwa kuliko yote Afrika, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, lina hadithi ambazo Lawlor angezililia. Chukua Gor Mahia, klabu pekee ya soka ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara, Kombe la Washindi la mwaka 1987. Ilitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, ikatoka 1-1 nyumbani, ikashinda kwa mabao ya ugenini. Pinboli ya K'Ogalo, kama mashabiki waiitavyo Gor Mahia, ingehitaji viwanja viwili, cha juu cha ugenini na cha chini cha nyumbani, na bao la juu liwe na uzito zaidi alama zikilingana. Gugu maji nalo, linalosukumwa na upepo hadi kuziba bandari ya Kisumu, lingekuwa kizuizi kinachohama na kufunga njia uliyoizoea.

Lakini anayestahili mashine kuliko wote ni Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za nyanda za Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ilimgonga ikadunda. Mke aliyetoka kwa maadui zake ndiye aliyegundua, siku mumewe alipougua na kuomba achanjwe dawa, kwamba damu hutoka kwenye kivuli. Siri ikafika kwao, mkuki ukarushwa kivulini, naye akageuka mwamba. Weka katikati ya uwanja sanamu ngumu: gololi ikiigonga, inaruka nyuma bila alama hata moja. Taa iliyo juu izunguke polepole kama jua, kivuli cha sanamu kitambae juu ya mbao, na vihisio vilivyofichwa chini vihesabu pigo pale tu gololi inapopita kivulini. Adhuhuri kivuli ni kifupi na shabaha ni ngumu. Jioni kinarefuka, lakini muda unakwisha.

Magere hana kampuni ya filamu, ila Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayotaka jamii iombwe ridhaa kabla urithi wake haujatumiwa kibiashara. Anayetaka kuiunda mashine hiyo aanzie Kano, kwa wazee, akiwa na mchoro mkononi, na azungumze nao mapema kuhusu mgao wa mapato.