Umbo la tandiko laweza kuwa raha au karaha kwa farasi na mpandaji

FARASI anayeng'ata, kupiga mateke au kurudi nyuma kila aonapo tandiko likiletwa, aghalabu huitwa mkaidi. Mwenyewe huchukua kiboko akidhani kwamba dawa ya ukaidi ni fimbo. Kumbe mara nyingi mnyama huyo ana maumivu mgongoni, na chanzo chake ni kile kile anachotandikwa kila asubuhi.

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mpandaji hulijua tandiko kwa upande wa juu anakokalia, lakini upande wa chini anaujua farasi peke yake, naye hana ulimi wa kusimulia.

Ili kuelewa jinsi umbo la tandiko linavyoleta raha au karaha, yafaa kwanza kuutazama mgongo wenyewe. Katikati hupita uti wa mgongo, ambao sehemu yake ya juu imefunikwa kwa ngozi na nyama kidogo tu. Kandokando ya uti huo kuna misuli mirefu iliyolala juu ya mbavu, ambazo kwa kawaida huwa jozi 18. Juu ya misuli hiyo ndipo uzito wa mpandaji unapostahili kukaa. Nyuma ya ubavu wa mwisho, yaani kiunoni, hakuna mbavu za kuuhimili mzigo, na kwa hivyo tandiko halifai kufika huko.

Ndiyo sababu matandiko mengi ya farasi huwa na kiunzi kigumu ndani yake, kilichoundwa kwa mbao au plastiki na kutiwa nguvu kwa chuma. Chini ya kiunzi kuna mito miwili iliyoshindiliwa sufu ya kondoo au sponji. Kati ya mito hiyo huachwa mfereji wenye upana wa vidole vitatu hivi au vinne ili uti wa mgongo usiguswe.

Kazi kuu ya kiunzi ni kuutandaza uzito. Mtu wa kilo 70 akitandazwa juu ya eneo pana, farasi humbeba bila taabu. Uzito huo huo ukikusanyika mahali palipo sawa na viganja viwili, damu hushindwa kupita vyema chini ya ngozi, misuli huumia na hatimaye vidonda hutokea.

Taabu ni kwamba migongo haifanani. Farasi wa mashindano ya mbio, mathalan wale wa uwanja wa Ngong jijini Nairobi, aghalabu huwa na mwinuko mkubwa kati ya mabega na mbavu nyembamba. Farasi wengine, hasa wale wafupi, huwa wanene na wa mviringo mithili ya pipa. Tandiko lililomfaa wa kwanza litambana wa pili mabegani na kumzuia kunyoosha hatua zake. Nalo la yule mnene likiwekwa juu ya yule mwembamba, litazama mbele na kugandamiza mfupa wa mwinuko huo.

Lipo kosa jingine lisiloonekana kwa urahisi. Tandiko lililonyooka likiwekwa juu ya mgongo uliobonyea, hugusa mbele na nyuma pekee huku katikati pakibaki wazi kama daraja juu ya mto. Uzito wote basi huangukia ncha mbili.

Wapandaji wengi hujaribu kutibu tatizo hilo kwa kuongeza blanketi. Hatua hiyo yaweza kusaidia tandiko likiwa pana kidogo. Likiwa jembamba, blanketi huzidisha mbano, sawa na mtu anayevaa soksi nzito ndani ya kiatu kinachomfinya.

Mpandaji naye haponi. Tandiko likiinama mbele, humsukuma akakaa juu ya mapaja na kuuchosha mgongo wake. Likiinama nyuma, miguu humtangulia akawa kama aliyeketi kitini. Hali kadhalika, mahali vinapofungwa vikuku vya kuwekea miguu pana umuhimu mkubwa. Mpandaji wa kawaida anapaswa kukaa hivi kwamba sikio, bega, nyonga na kisigino vifuate mstari mmoja. Akipoteza mstari huo, hupepesuka kila farasi anapokwenda mbio, na kila anapopepesuka humuumiza mnyama.

Majeshi yaliyotegemea farasi yalilijua jambo hili vyema. Mnamo 1859, jeshi la Marekani lilianza kutumia tandiko lililobuniwa na afisa wake George McClellan, ambalo lilikuwa na uwazi mrefu katikati, juu ya uti wa mgongo.

Kulipima tandiko hakuhitaji mitambo. Kwanza, liwekwe bila kitambaa chochote, kisha kiganja kipitishwe chini yake. Mgandamizo uwe sawa kutoka mbele hadi nyuma. Pili, mpandaji akishaketi, vidole viwili au vitatu viweze kupita kati ya tandiko na mwinuko wa mabega. Tatu, baada ya safari jasho litazamwe. Sehemu kavu katikati ya jasho huashiria kwamba hapo palibanwa mno au hapakuguswa kabisa. Nywele nyeupe zinazoota penye rangi nyingine mgongoni ni alama ya jeraha la zamani.

Aidha, upimaji huo urudiwe mara kwa mara, kwani farasi hunenepa, hukonda na kubadilika misuli kadiri anavyokua na kufanya kazi.

Kwa Wakenya wengi, hata hivyo, mnyama wa kazi ni punda. Kisiwani Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale haviruhusu magari, punda hubeba mchanga, mawe na watu. Mgongo wake haufanani na wa farasi. Mwinuko wa mabega ni mdogo, na kwa hivyo tandiko la farasi humtelezea mbele. Yeye huhitaji mito miwili iliyojazwa vyema, mmoja kila upande wa uti, pamoja na mshipi mpana usiokata ngozi. Gunia tupu na kamba nyembamba havitoshi.

Punda mwenye kidonda mgongoni hulazimika kupumzishwa hadi apone, na muda huo wote mwenyewe hukosa riziki. Waswahili husema fadhila ya punda ni mateke. Huenda mateke hayo si utovu wa shukrani, bali ndiyo njia pekee aliyo nayo ya kueleza kuwa tandiko linamuumiza.