Acheni Paini Ibebe, Mninga Upambe

Tangu tarehe 19 Juni 2025, lori linalotoka Sengerema au Geita halipangi tena foleni kusubiri kivuko cha Busisi. Linapita juu ya Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Viktoria, na kushukia Kigongo, wilayani Misungwi, likielekea Mwanza mjini. Kwa maseremala wa Mwanza njia hiyo ina maana ya pekee, kwa sababu ng'ambo yake zinapatikana mbao za aina mbili. Katika Buchosa kuna shamba la miti la Buhindi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), linalootesha misonobari ambayo mafundi huiita paini. Mbele zaidi, kuelekea Geita na Kigoma, ni nchi ya miombo, makao ya mninga. Paini hudharauliwa ikaishia kwenye kenchi za paa. Mninga hutukuzwa hadi unamalizika. Ninadai kwamba kabati bora kabisa, lile la kifahari lenye uso uliochomoza na kupinda kwa madaha, linapaswa kutengenezwa kwa mbao zote mbili: paini ndani, na juu yake gamba jembamba la mninga, ambalo wengine huliita vinia.

Tuanze na mninga wenyewe. Mche wake hunyauka shina kila kiangazi kwa miaka kadhaa, mizizi ikijijenga chini kwa chini, kabla haujapata nguvu ya kusimama. Baada ya hapo inapita miongo mingi hadi gogo lifae kupasuliwa. Mwezi Novemba 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, nchi wanachama wa CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, ziliingiza mninga wa Afrika katika orodha ya miti inayodhibitiwa, pamoja na mkongo na mkangazi. Uamuzi huo hauhusu mbao zinazouzwa ndani ya nchi, lakini unatosha kutuonya. Sasa fikiria uso wa kabati wenye upana wa mita 1 unaochomoza sentimita 10. Ukiuchonga kwa mninga mtupu utahitaji mbao nene kupita sentimita 12, na sehemu kubwa ya mbao hiyo utaifagia sakafuni ikiwa maranda. Kinyume chake, ubao wa milimita 25 ukipasuliwa kwa msumeno wa mkanda, kila gamba milimita 2 na kila pengo la msumeno milimita 2, unatoa magamba 6. Kwa viwanda vyenye visu vya kukatia magamba, ambavyo havipotezi kitu kwa vumbi, hesabu huwa kubwa mara kadhaa.

Wapo wanaoona kwamba kufunika mbao rahisi kwa mbao ya thamani ni ujanja wa kiwandani, ulioletwa na makabati ya bei rahisi. Historia inawakanusha. Kaburi la Tutankhamun, lililofunguliwa Misri mwaka 1922, lilikuwa na masanduku yaliyopambwa kwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu na mbao nyeusi. Mbao nyeusi iliyothaminiwa na Wamisri wa kale ilitoka kusini kwao, na mti wake ni huu huu mpingo tunaoujua Lindi na Mtwara. Katika pwani yetu, viti vya enzi vya Lamu, Pate na Siyu vilitiwa vipande vyembamba vya pembe na mifupa, na hakuna aliyewahi kuviita vya uongo. Ufaransa ya karne ya 18 ndiyo iliyoifikisha kazi hii kileleni: mwaka 1739 fundi Antoine-Robert Gaudreaus alikabidhi kabati la droo kwa chumba cha kulala cha mfalme Louis wa 15 huko Versailles, uso wake ukiwa umetuna kama tanga lenye upepo. Leo linaonekana London, katika makumbusho ya Wallace Collection. Nadhani shaka yetu inatokana na jambo jingine: urembo tuliouzoea zaidi, wa milango ya Zanzibar kwa mfano, ni nakshi iliyochimbwa kwenye mbao nene, kwa hiyo tumejifunza kupima ubora kwa uzito.

Lakini uzito si uimara. Mbao hupokea unyevu na kuutoa. Hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, huku kwa urefu ikibaki karibu vilevile. Mwanza, ambako masika na kiangazi hupokezana, ubao mpana hauachi kuhangaika. Tena ukikata upinde katika ubao mmoja mnene, nyuzi zake hukatika zikabaki fupi pale upinde unapogeuka, na hapo ndipo nyufa huanzia. Ndiyo maana mafundi wa zamani walijenga uso wa kabati kwa vipande. Fundi hukata paini kavu katika vipande vifupi vinavyofuata mchoro wa upinde, kisha huvipanga kwa gundi, tabaka juu ya tabaka, maungio yakipishana. Gundi ikishakauka, anasawazisha kwa tupa na randa ndogo, akipima kila mara kwa kielelezo cha plaiwudi. Kisha linafuata gamba, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Gamba hukubali kupinda upande mmoja. Likilazimishwa kupinda pande mbili kwa pamoja hujikunja au hupasuka. Kwa hiyo hulainishwa kwa maji, hukatwa vipande vyembamba vinavyolingana kwa nyuzi, na hukandamizwa kwa mfuko wa mchanga wa moto, ambao hujifinyanga kufuata umbo lolote. Mchanga haujawahi kuadimika kando ya ziwa hili.

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba gamba hubanduka. Ni kweli, na wengi wameliona kwenye meza za chipbodi zilizovimba baada ya kumwagikiwa maji. Ila kinachovimba pale ni chipbodi. Gamba lililobandikwa juu ya mbao iliyokaushwa vizuri, kwa gundi nzuri, na kusawazishwa kwa gamba jingine upande wa ndani ili pande zote mbili zivutane sawa, hudumu vizazi. Wengine watasema paini ni chakula cha mchwa. Hiyo nayo ni kweli, na jibu lake ni kutia dawa kiini hicho cha paini na kuweka miguu ya mninga mtupu, kwa kuwa moyo wa mninga hustahimili wadudu. Kuhusu udanganyifu, ninakubali kabisa kwamba fundi anayeuza gamba kwa bei na jina la mninga mtupu anamwibia mteja. Dawa yake ni kusema wazi tangu siku ya makubaliano.

Linabaki suala la gharama. Kabati hili linachukua muda mrefu kuliko la mbao zilizonyooka, na halifai kwa madawati ya shule wala kwa kila nyumba. Lakini wapo wanaolipa fedha nyingi kwa fanicha za mapambo zinazotoka nje ya nchi: mahoteli, makanisa, wazazi wanaowaandalia maharusi. Fedha hizo zingeweza kulipa mikono ya hapa, mikono ambayo kando ya ziwa hili imekuwa ikipinda mbao za mitumbwi kwa vizazi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, zipo Mwanza, na ninaziomba ziweke ubandikaji wa magamba katika mafunzo yao ya useremala. Nawe msomaji, utakapoagiza kabati, usilipime kwa kulinyanyua. Mwulize fundi kiini ni mbao gani, imekaushwa kwa muda gani, na upande wa ndani amebandika nini.