Mfupa laini wa papa unasema nini kwa wavuvi wa Kivu

Samaki papa hayupo katika ziwa Kivu, wala taa. Wanamemba wengi wa Minova wamemwona tu katika filme. Lakini kazi ambayo watu wa kemia wanafanya juu ya miili ya samaki hao inatuhusu, kwa sababu inagusa ugomvi tulio nao hapa kati ya shamba na ziwa.

Papa na taa hawana mfupa mgumu. Wanashikwa na gegedu, ile kitu laini munayoiona kwenye ncha ya kidari cha kuku. Pingili za mgongo wao zinakua tabaka juu ya tabaka. Ukikata pingili nyembamba unaona mizunguko, kama ile ya pembe la ng'ombe ambayo wafugaji wanahesabia mizao. Kila tabaka inabeba kidogo ya madini ya siku zile, toka kwa maji na chakula. Mfupa wa mtu unabomolewa na kujengwa upya kila mara. Tabaka za papa zinabaki vile zilivyo.

Katika laboratwari wanapitisha leza toka katikati ya pingili, yaani utoto wake, mpaka ukingo, siku za mwisho. Mashine inapima vumbi inayotoka. Kwa kawaida strontiumu ni nyingi baharini kuliko mitoni, na bariumu inaongezeka karibu na mahali mito inapomwaga. Kuna papa anayepanda mito. Kusini mwa Afrika wanamwita papa wa Zambezi. Watoto wake wanakomalia mitoni, kisha wanarudi kwenye chumvi. Safari hiyo inasomeka ndani ya pingili.

Umri pia. Mabomu ya atomiki yaliyojaribiwa miaka ya 1950 na 1960 yaliacha alama ya kaboni katika bahari zote. Kwa alama hiyo, mwaka 2014 watafiti walionyesha kwamba papa mweupe anaweza kupita miaka 70, na mwaka 2020 papa potwe mmoja alihesabiwa miaka 50. Samaki wa namna hiyo anakawia sana kuzaa. Ukimaliza wakubwa, watoto wako hawatamwona tena.

Sambaza wetu ni kinyume. Aliletwa toka Tanganyika mwaka 1959, na anakua haraka. Yeye ana mifupa migumu, na ndani ya kichwa ana kijiwe kidogo cha sikio. Akiwa mchanga, kijiwe hicho kinaandika mzunguko hata wa kila siku! Kemia yake inasomwa karibu vilevile. Manganezi, kwa mfano, inapanda samaki akiishi penye oksijeni kidogo. Munajua ghuba ya Kabuno: pale oksijeni inaisha kwenye mita kumi na kidogo tu, lakini katika ziwa kubwa inashuka mbali zaidi.

Sasa ugomvi. Wavuvi wanasema udongo unaoteremka toka milimani unaharibu mahali watoto wa samaki wanakulia. Wakulima wanajibu: hapana, ni nyavu za tundu ndogo na vyandarua. Mimi naona wote wana sehemu ya haki. Vijiwe vingeweza kutuonyesha ni ghuba gani na mdomo gani wa mto unaolisha mitego yetu, na pale tungejua pa kulinda kwanza. Ingekuwa bora kuliko kelele za mikutano.

Udongo lakini haungoji laboratwari. Tangu Mei 2023, kila mtu wa Kalehe anajua kilichotokea Bushushu na Nyamukubi. Mitaro ya kukata mwinuko, na majani ya ng'ombe kwenye kingo zake, ni kazi ya msimu huu, mbele ya mvua kubwa.

Kwa upande wa ziwa, kijiwe kisicho na mahali wala tarehe hakifai kitu. Kwa hiyo kila timu ya mitumbwi iwe na kaye: tarehe, ghuba, mabeseni mangapi, sambaza wakubwa ama wadogo. Katibu wa kooperative akusanye kaye hizo kila mwisho wa mwezi.