Glakoma: Kabla ya Kupima Damu, Uliza Ukoo

Mzee wa hapa kwetu Nkowe akianza kujikwaa kizingitini na kugonga watu asiowaona pembeni, nyumbani husemwa ni uzee, au mtoto wa jicho. Akiwa na mtoto wa jicho, heri yake, maana upasuaji humrudishia kuona. Ikiwa ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, kilichopotea hakirudi. Glakoma huua polepole neva inayounganisha jicho na ubongo. Aina iliyoenea kwetu haiumi, na jicho zima huficha upungufu wa jicho bovu.

Uchunguzi wa vijijini Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta wagonjwa wapatao 4 katika kila watu 100 wenye miaka 40 na zaidi.

Glakoma hufuata ukoo. Kwa nini basi tusipime vinasaba? Twaweza, ila jibu litakuwa dogo kuliko matumaini. Mwaka 1997 ilibainika kwamba hitilafu katika jeni iitwayo MYOC huleta glakoma, wakati mwingine ujanani. Lakini hitilafu hiyo hupatikana kwa wagonjwa kama 3 hadi 5 tu katika 100. Wengi waliobaki wamebeba tofauti ndogondogo katika jeni nyingi, ambazo wataalamu huzijumlisha kupata alama ya hatari. Alama hizo zimejengwa zaidi kwa sampuli za watu wenye asili ya Ulaya. Zikiletwa kwa Waafrika, hupungua nguvu. Hili linanikera, kwa kuwa glakoma hutuwahi sisi mapema na kwa ukali zaidi. Angalau utafiti wa GIGA, wa Tanzania na Afrika Kusini, umekusanya sampuli za wagonjwa wa huku kwetu.

Kwa sasa, kipimo cha urithi kinachofika Nkowe ni ukoo wenyewe. Utafiti wa Rotterdam, Uholanzi, wa mwaka 1998, ulikadiria kuwa ndugu na watoto wa mgonjwa 22 katika 100 watapata glakoma maishani; kwa familia zisizo na mgonjwa, ni wapatao 2. Tatizo ni kwamba bibi aliyepofuka zamani alizikwa na jina la uzee tu. Waulizeni wakubwa: nani alipofuka, akiwa na umri gani, hospitali walisemaje?

Ndugu akipelekwa kupimwa, aombe neva ya jicho itazamwe pia, kwani wapo wenye glakoma ambao presha yao ya jicho ni ya kawaida. Tiba ya kulinda kuona kulikobaki ipo. Katika jaribio la hospitali ya KCMC, Moshi, lililochapishwa mwaka 2021, baada ya mwaka mmoja mionzi ya leza ilifaulu kudhibiti presha ya jicho kwa macho 61 katika 100, na matone ya timololi kwa 31. Kwa anayeishi mbali na duka la dawa, tofauti hiyo si ndogo.

Kwa hiyo wewe uliyeambiwa una glakoma, wapigie simu leo kaka na dada zako, hata walio Dar es Salaam, na watoto wako watu wazima. Waambie wakapimwe macho wakiwa bado wanaona vizuri.