Ukuta Uzuiwe Maji Miguuni, Si Usoni

Katika nyumba nyingi za Buguruni, Dar es Salaam, zilizo upande wa Bonde la Msimbazi, ukuta unaobabuka hutibiwa kwa namna ileile: fundi anakwangua, anapaka puti, anamaliza kwa rangi ya mafuta, mwenye uwezo anabandika vigae hadi usawa wa kiuno. Masika yakipita, unga mweupe unatokea tena, safari hii juu ya vigae. Tofali la saruji lina vinyweleo vinavyovuta maji ya ardhini kama utambi wa koroboi unavyovuta mafuta. Maji hayo hubeba chumvi. Yakikauka usoni pa ukuta, chumvi inabaki, inaganda na kuisukuma plasta hadi ipasuke. Kwa kawaida yanafika kimo cha mita moja hivi, pale ambapo kukauka kunalingana na kupanda. Ukiuziba uso umezuia kukauka tu. Kupanda kunaendelea, na maji yanapita hadi yapate pa kutokea.

Kizuizi cha kweli hulazwa juu ya msingi, kabla ya kozi ya kwanza ya ukuta: karatasi ya lami au nailoni nzito, ile ambayo mafundi huiita DPC, iungane na nailoni iliyo chini ya jamvi, na ikae angalau milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Hiyo milimita 150 ndiyo inayopotea mabondeni. Baada ya kila mafuriko watu humwaga kifusi uani, barabara nayo inainuliwa, na hatimaye udongo unagusa ukuta juu ya kizuizi. Hapo hata nyumba iliyojengwa vizuri huanza kunyonya.

Wapo watakaosema kwamba Ulaya na Kanada kuta hufunikwa plastiki kwa ndani na hazina ukungu. Ni kweli, lakini kule mvuke wa chumba chenye joto ndio unaokimbilia nje kwenye baridi. Kwetu, kwenye chumba cha kiyoyozi, safari imegeuka: hewa ya nje ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 70 hutoa matone ikigusa kitu cha nyuzi 25. Karatasi ya plastiki ukutani ndani ya chumba hicho hunasa maji mgongoni mwake, na ukungu unaota pasipoonekana. Mji Mkongwe wa Zanzibar umeonyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua, ila zikipigwa plasta ya saruji unyevu hufungiwa ndani na kuta huharibika.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye nyumba iliyokwisha jengwa bila kizuizi, maana hawezi kuinyanyua. Huyo aanze nje: aondoe kifusi kilichoegemea ukuta, apeleke maji ya bati mbali na msingi, kisha abandue plasta iliyooza hadi juu kidogo ya alama ya unyevu na auache ukuta wazi kiangazi kizima. Plasta mpya iwe ya chokaa, na rangi iwe ya maji.