Maisha ndani ya nyumba salama za Tarime na Serengeti

Nyumba salama ni makao ya muda ya wasichana waliokimbia kukeketwa au kuozwa wakiwa bado watoto. Mkoani Mara makao haya yamezoeleka zaidi katika wilaya za Tarime na Serengeti, ambako ukeketaji una mizizi katika mila za Wakurya na baadhi ya jirani zao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa Tanzania nzima ilikuwa asilimia 8.

Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa juhudi za masista wa Kanisa Katoliki. Wilayani Serengeti, Nyumba Salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Mara, kwa msukumo wa Rhobi Samwelly, mwanamke ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa msichana mdogo akavuja damu nusura afe. Mwaka 2017 Samwelly alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo limeendesha nyumba Mugumu na pia Kiabakari, wilaya ya Butiama.

Maisha ya nyumba hizi huenda na kalenda ya mila. Wazee wa mila wa kila ukoo ndio hutangaza msimu wa tohara, na kwa koo nyingi msimu huo huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi Desemba, shule zinapofungwa. Nyumba ambayo mwezi Agosti ina wasichana wachache huweza kujaa mamia kabla ya Krismasi. Wanaokuja wengi ni wa darasa la tano hadi la saba. Kwa msichana aliyemaliza mtihani wa darasa la saba hatari ni kubwa zaidi, maana machoni pa baadhi ya wazazi shule imekwisha, kinachofuata ni tohara, kisha mahari ya ng'ombe.

Msichana hufika kwa njia yoyote iliyowezekana. Yupo anayeletwa na mwalimu au mchungaji, yupo anayepanda bodaboda iliyolipwa na shangazi kwa siri, na yupo anayetembea usiku kucha. Waliopiga simu kuomba msaada hufuatwa na polisi na gari la kituo. Zamani safari hizo zilikwama kwa sababu vijiji vingi havikuwa kwenye ramani yoyote inayofaa. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, ulikusanya watu wa kujitolea kutoka sehemu mbalimbali za dunia wakachora barabara na nyumba kwa kutumia picha za satelaiti, na wenyeji wakaongeza majina ya vitongoji kwa simu zao. Ramani hizo zimewasaidia waokoaji kumfikia mtoto gizani, na pengine hakuna kifaa cha kituo kilichookoa dakika nyingi kuliko hizo.

Akishafika, msichana hupewa chakula, maji ya kuoga, nguo na kitanda. Maswali hufuata baadaye. Taarifa yake hufikishwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, kwa kuwa kituo hakina mamlaka ya kukaa na mtoto wa mtu bila Serikali kujua. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya polisi, PF3, ili atibiwe hospitalini na ushahidi uhifadhiwe. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 15.

Majengo yenyewe ni ya kawaida: mabweni yenye vitanda vya ghorofa, jiko la kuni, bwalo linalogeuka darasa, chumba cha ushauri, vyoo na bafu, tangi la maji, na uzio wenye mlinzi getini. Uzio una kazi ya kweli, kwani wapo ndugu wanaokuja kwa hasira kudai mtoto wao. Siku huanza alfajiri kwa kufagia na kuchota maji, kisha uji. Shule zikiwa zimefunguliwa, wasichana huenda madarasani pamoja na watoto wengine. Msimu wa Desemba masomo huhamia ndani: mwili na afya ya uzazi, madhara ya ukeketaji, haki za mtoto, ushonaji. Jioni ni ugali na maharage au dagaa, halafu nyimbo na maigizo. Masanga huifunga kambi yake ya msimu huo kwa sherehe ya mahafali, yenye ngoma, vyeti na wageni kutoka vijijini, ili msichana avuke kuingia utu uzima bila kukatwa. Wazo hilo lina busara, maana linamrudishia mtoto heshima ambayo kijiji kilimwambia ataikosa.

Lakini kazi ngumu kuliko zote ni kuipima familia. Anayekaa kituoni ni mtoto, na familia hupimwa nyumbani kwake. Januari inapoingia, afisa ustawi, polisi wa dawati na wafanyakazi wa kituo huenda kijijini kuzungumza na wazazi mbele ya mtendaji wa kijiji. Hutaka kujua nani hasa aliamua msichana akeketwe au aozwe, kwa kuwa mara nyingi si baba peke yake. Bibi na baba wadogo wana sauti kubwa. Hutaka kujua kama kuna ng'ombe waliokwisha kupokelewa, na dada zake wakubwa walifanywa nini. Mama huulizwa faraghani, kwa sababu mbele ya ukoo si rahisi aseme anachokiamini.

Wazazi wakikubali, hutia saini hati ya kuahidi kwamba hawatamkeketa wala kumwoza, na msichana hurudi. Karatasi hiyo haimlindi mtoto kama hakuna anayerudi kubisha hodi. Kwa hiyo mwalimu na viongozi wa kitongoji hupewa jukumu la kumwangalia, na wafanyakazi humtembelea, hasa msimu mwingine unapokaribia. Mpaka wa Kenya nao huleta wasiwasi, maana Wakurya wanaishi pande zote mbili, na mtoto anaweza kuvushwa kwenda kukeketwa ng'ambo, ingawa Kenya nayo ilitunga sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011.

Familia nyingine hukataa kabisa. Baba humwambia binti asikanyage tena nyumbani kwake. Kwa msichana huyo makao ya muda huwa nyumba ya miaka: anasoma sekondari akitokea hapo, na likizo zote anazimalizia hapo. Wasioendelea na shule hufundishwa cherehani au kupelekwa chuo cha ufundi. Mafunzo haya yana uzito kuliko yanavyoonekana, kwa kuwa kifungu cha sheria kinachokataza ukeketaji kinamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Akivuka umri huo, anayetaka kumshinikiza, awe mume au mama mkwe, hazuiwi na kifungu hicho, na mwanamke mwenye kipato chake ana nafasi kubwa zaidi ya kukataa.