Harvard ni Milioni 11 kwa Mwaka: Mzazi wa Njoro Atalipa Ngapi?

Bei iliyochapishwa na Chuo Kikuu cha Harvard kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ni dola 86,926. Karo ni dola 59,320, malazi 13,532, chakula 8,598, na ada nyinginezo 5,476. Dola moja ikiwa shilingi 129, hizo ni shilingi milioni 11.2. Zidisha kwa miaka minne upate karibu milioni 45, na bado hujagusa nauli, bima ya afya wala koti la baridi. Mzazi wa Njoro au Molo akiziona tarakimu hizo hufunga ukurasa, na sioni wa kumlaumu.

Hiyo, hata hivyo, si bei atakayotozwa yeye. Kuanzia mwaka huohuo wa 2025/26, familia yenye mapato ya dola 100,000 kwa mwaka au chini yake hailipi Harvard chochote, na msaada huo hauangalii uraia wa mwanafunzi. Princeton imepandisha kikomo chake hadi dola 150,000. Sasa chukua familia ya Njoro yenye ng'ombe wawili, inayouza lita 12 za maziwa kwa siku kwa shilingi 45 lita. Kwa mwaka mzima inapokea shilingi 197,100 kabla ya kutoa gharama ya lishe na dawa. Hizo ni dola 1,528. Kikomo cha Harvard ni mara 65 ya mapato hayo.

Pesa zenyewe hutoka wapi? Hutoka katika mfuko wa wakfu, yaani michango ya karne nyingi iliyowekezwa na kuachwa izae. Mfuko wa Harvard ulifikia dola bilioni 53.2 mwaka 2024, sawa na shilingi trilioni 6.9. Bajeti nzima ya Serikali ya Kenya ya 2025/26 ilikuwa shilingi trilioni 4.29. Ukiziweka tarakimu hizo mbili pamoja utaelewa kwa nini chuo kama hicho kinaweza kumsomesha mtoto wa mkulima bila kuhisi pengo. Utaelewa pia kwa nini sheria ya Marekani iliyotiwa saini Julai 2025, inayopandisha kodi ya faida za mifuko hiyo hadi asilimia 8 kwa vyuo tajiri zaidi, inamhusu mtoto wa Rongai moja kwa moja.

Si kila chuo kinachotoa msaada kinautoa kwa namna moja, na hapa ndipo waombaji wetu wengi wanapopotea. Vipo vyuo vichache ambavyo haviangalii kabisa uwezo wa mgeni wakati wa kuamua kumkubali au kumkataa, miongoni mwavyo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, tangu 2022 Dartmouth na Bowdoin, na Brown kuanzia kwa walioingia mwaka 2025. Vyuo hivyo humsoma mwombaji kwanza, akikubaliwa ndipo huhesabu anahitaji kiasi gani, kisha hukilipa chote. Kundi la pili ni kubwa zaidi. Humlipia mgeni mahitaji yake yote akikubaliwa, lakini hupima kwanza atavigharimu kiasi gani. Kwa chuo cha aina hiyo, anayeomba dola 80,000 kwa mwaka anaomba dola 320,000 kwa miaka minne, naye anashindana na wageni wenzake kwa nafasi chache. Vilivyobaki, ambavyo ndivyo vingi kabisa, humpa mgeni punguzo la dola elfu kumi au ishirini na kumwachia baba yake salio. Barua ya kukubaliwa kutoka huko hupokelewa kwa vigelegele, kisha mtoto hukaa nyumbani kwa sababu salio ni shilingi milioni 6 kila mwaka.

Mlango wenyewe ni mwembamba kiasi gani? Kwa darasa la Harvard lililoingia mwaka 2024 waliomba watu 54,008 na wakakubaliwa 1,937, yaani chini ya 4 kwa kila 100. MIT, ambayo hutenga takwimu za wageni, huonyesha kwamba wageni wanaokubaliwa ni karibu 2 kwa kila 100. Mwaka huo wa 2024, watahiniwa 962,512 wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, walitoa alama za A 1,693 nchi nzima, chini ya 2 kwa kila 1,000. Kwa hiyo mwenye A ya Kenya amekwisha kuchujwa vikali kabla hajaandika insha hata moja. Huko anakutana na waliochujwa vivyo hivyo kutoka Lagos, Hanoi, Seoul na São Paulo.

Kuna hesabu ambayo huwadanganya vijana. Ikiwa nafasi yako katika kila chuo ni asilimia 2, ukiomba vyuo 10 nafasi ya kupata angalau kimoja inaonekana kuwa asilimia 18. Hesabu hiyo ingekuwa ya kweli kama kila chuo kingeamua kwa kurusha sarafu yake. Vyuo vyote kumi vinasoma insha ileile, barua zilezile za walimu na matokeo yaleyale, na kasoro inayoonwa na kimoja huenda ikaonwa na vyote. Kuongeza idadi ya vyuo kunasaidia, ila si kwa kiwango hicho. Anayesaidika zaidi ni yule anayechanganya makundi mawili ya kwanza na kuitumia miezi yake kwenye insha.

Kinachomzuia mtoto wa Nakuru mara nyingi ni gharama ndogondogo za mwanzo, zinazotakiwa zikiwa taslimu kabla hajajua lolote. Mtihani wa SAT, ambao Harvard, MIT, Dartmouth na Brown zimerudi kuudai, ni dola 68 pamoja na nyongeza ya dola 43 kwa anayefanyia nje ya Marekani. Jumla ni 111, yaani shilingi 14,319. Msamaha wa ada hiyo umewekewa walio Marekani na raia wake walioko nje, kwa hiyo mwanafunzi wa Gilgil analipa kamili wakati mwenzake maskini wa Chicago hufanya bure. Ni dhuluma ambayo vyuo vyenyewe vingeweza kuiondoa kwa siku moja, na sijaona sababu ya maana ya kutofanya hivyo. Wengi huufanya mara mbili: shilingi 28,638. Tangu Machi 2023 mtihani huo hufanywa kwa kompyuta huku kwetu, na mtahiniwa huja na yake. Akiufanyia Nairobi, kilomita 160 kutoka Nakuru, huongeza matatu ya kwenda na kurudi na pengine usiku mmoja kwa shangazi, kwa sababu mtihani huanza asubuhi.

Fomu ya hali ya kifedha iitwayo CSS Profile ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Vyuo kumi ni dola 169, shilingi 21,801. Jaribio la Kiingereza la Duolingo ni kama dola 70, ingawa vyuo kadhaa havilidai kwa aliyesomeshwa kwa Kiingereza, na shule zetu za sekondari zote hufundisha hivyo. Uliza kabla ya kulipa. Kisha ada ya maombi: wastani wa dola 75 kwa chuo, kwa vyuo kumi dola 750, shilingi 96,750.

Hapo kwenye shilingi 96,750 msomaji atulie. Ada hiyo huondolewa kwa anayeomba. Ndani ya Common Application, jukwaa linalomruhusu mtu kuomba hadi vyuo 20, kuna sehemu ya kuomba kusamehewa, na chuo kisichoitambua kwa wageni kinaweza kuandikiwa barua pepe ya mistari minne. Colby haitozi mtu yeyote. Kwa fomu ya fedha, Princeton hutumia yake yenyewe isiyolipiwa, na vyuo vingine humpa mgeni namba ya msamaha wa CSS akiomba. Barua pepe chache zilizoandikwa kwa adabu mwezi wa Septemba zinaweza kuokoa zaidi ya shilingi 100,000. Sijui kazi nyingine ya mkono ambayo kijana wa miaka 18 mjini Nakuru hulipwa hivyo.

Fomu yenyewe ya fedha huwatesa walio maskini kuliko matajiri, kwa kuwa iliundwa kwa familia zenye hati ya mshahara. Mama anayeuza viazi Mau Narok hana hati ya mshahara. Kosa ni kuandika sifuri kila mahali, maana ofisi ya chuo itajiuliza familia inakula nini. Andika magunia mangapi yaliuzwa na kwa bei gani, ukitoa mbegu na mbolea. Chukua taarifa ya malipo kutoka ushirika wa maziwa, au karatasi ya bonasi kama mnauza majani chai Kericho. Chapisha taarifa ya M-Pesa. Pata barua ya chifu inayotaja ekari na idadi ya wanaotegemea shamba hilo. Wanasoma maelezo hayo. Familia yenye shilingi laki mbili kwa mwaka na hesabu zinazoshikana inaaminika kuliko inayolia tu.

Gharama kubwa kuliko hizi zote ni mwaka mmoja wa maisha. Vyuo vingi hufunga maombi siku za mwanzo za Januari. Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa tarehe 9 Januari 2025. Mwanafunzi wa bweni, asiye na simu na aliyezama kwenye mtihani hadi mwishoni mwa Novemba, hana namna ya kuomba mwaka huohuo. Basi huomba mwaka unaofuata, hujibiwa mwishoni mwa Machi na huondoka Agosti: miezi 21 tangu aweke kalamu chini. Katikati yake KUCCPS, shirika linalopanga wanafunzi katika vyuo vya nchini, litakuwa limempangia chuo, na jamaa watauliza kwa nini haendi. Akienda na kumaliza mwaka mzima wa masomo, vyuo vingi vya Marekani vitamhesabu kuwa mwombaji wa uhamisho, na msaada kwa wageni wa kundi hilo ni mdogo sana. Familia iamue mapema, ikijua mwisho wa safari unaweza kuwa "hapana" kumi.

Miezi hiyo ikitumiwa vizuri, Bonde la Ufa lina ushahidi wa kutosha wa matunda yake. Mwaka 2004 John Manners, mwanahabari wa Marekani, na Mike Boit, mshindi wa nishani ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, walianzisha mradi wa KenSAP. Waliwachukua watahiniwa bora wa eneo hili, wakawaweka kambini Iten, wakawafundisha SAT na insha, na hata kuwapima kwa mbio za mita 1,500. Vijana hao wakaingia Harvard, Yale, Princeton na kwingineko. Walikuwa watoto wa wakulima wenye alama walizokuwa nazo wengine wengi; kambi ndiyo iliyowatofautisha.

Akikubaliwa, daftari la matumizi linafunguliwa tena. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 7,550. Ada ya SEVIS ni dola 350 na ya viza 185: shilingi 69,015 kwa pamoja. Sheria ile ya Julai 2025 imeidhinisha ada nyingine ya viza ya dola 250. Tiketi ya ndege huweza kupita shilingi 100,000, na vyuo kadhaa huilipia kwa anayesema kwamba hana. Kisha kuna jambo ambalo halisemwi kwenye sherehe ya kumuaga mtoto: Marekani hutoza kodi sehemu ya ufadhili inayolipia chakula na malazi. Kiwango kinachokatwa kwa mgeni mwanafunzi ni asilimia 14. Kwa Harvard, chakula na malazi ni dola 22,130; asilimia 14 ni dola 3,098, karibu shilingi 400,000 kwa mwaka. Kiasi fulani huweza kurudishwa akiwasilisha hesabu zake za kodi, na baadhi ya vyuo hulibeba deni hilo. Swali hilo liulizwe kabla ya kutia saini.

Mzazi yeyote asome hesabu hizi pamoja na tukio la jirani zetu. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret baada ya kulipa mamia ya maelfu ya shilingi kila mmoja katika mpango wa Kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka vijana Finland na Kanada, na suala likafika mahakamani. Wapo waliouza ng'ombe na mashamba. Katika njia niliyoieleza hapa, hakuna hatua inayodai laki sita kwa wakala. Anayezitaka, mnyime.

Wangari Maathai, aliyeishi utotoni katika shamba la mzungu karibu na Nakuru alikofanya kazi baba yake, aliondoka mwaka 1960 kwenda Chuo cha Mount St. Scholastica, Kansas, katika safari za ndege zilizoasisiwa na Tom Mboya. Mwaka huo wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kusafirisha mamia ya vijana. Hawakukosa akili wala vyuo vya kuwapokea. Walikosa nauli, na watu wazima wakaitafuta.

Nauli ya leo ni hii: SAT mara mbili, Duolingo, CSS kwa vyuo vinane, pasipoti, na shilingi 6,000 za safari za Nairobi. Jumla ni shilingi 68,891. Kaunti ya Nakuru ina wadi 55. Mwanafunzi mmoja wa kila wadi, kwa shilingi 70,000, ni shilingi milioni 3.85 kwa mwaka. Waheshimiwa wawakilishi wadi, mnapopitisha basari zijazo, itengeni nauli hiyo.